Paa lilikuwa linajipoza lenyewe, mimi nikashauri tulipige silver

Wakuu, heshima kwenu. Haya nimeyaona kwa macho yangu. Nisichokijua nitasema sikijui, maana shule yangu ni ya kuungaunga.

Nafanya maintenance kwenye apartments huku Alexandria ya Marekani. Mwenzangu alikuwa Mkongo, Papa Dieudo.

Mwaka jana mafundi walitandika paani kitu kama mpira, rangi ya kijivu. Hakina waya wala swichi. Jua likichoma kinatema joto juu angani, baridi ikija kinalibana ndani.

Hayo nimeyajua juzi. Hakuna aliyetuambia!

Mwezi wa tano meneja akasema wakaguzi wanakuja, paa lisafishwe. Kijivu kile kikanikera. Kwetu bati likichakaa linapigwa rangi ya silver, basi.

Nikasema tulipake. Papa Dieudo akakataa. "Mon frère, ndugu yangu, bosi alisema kusafisha, hakusema rangi."

Nikamtania, "Mkongo wewe, nguo zako zing'ae, paa lising'ae?"

Akacheka. Akakubali, akaenda kusaini ndoo za rangi stoo. Tukapaka.

Mwezi wa saba ghorofa ya juu ikawa tanuri. Silver ilikuwa imekiziba kile kitu, joto halitoki. Mama mmoja wa huko juu, Mmarekani mweusi anayependa kutusalimia kwa Kiswahili, alizimia jikoni kwake. Ambulance ikaja.

Meneja akamfukuza Papa Dieudo. Peke yake! Eti saini ni yake.

Nami nilikuwa nimesimama palepale, nikanyamaza. Hasira ninayo kwa meneja, lakini nusu ya lawama ni yangu.

Meneja naye nimpe haki yake: kwenye mlango wa paani kulikuwa na karatasi, "usipake kitu". Ngazi ilikuwa imeiziba. Ngazi niliiegemeza mimi.

Jana nikaenda kumwambia meneja wazo lilikuwa langu. Hata hakuinua macho. "Hiyo imeshaisha, rudi kazini."

Imeisha kwa nani? Mnatuwekea kitu cha akili hivyo, maelezo mnabandika karatasi moja, halafu mnafukuza mtu aliyekataa!

Nikampigia Papa Dieudo nimuombe radhi. Kabla sijafungua mdomo akauliza, "Yule mama, anaendelea aje?"

Nikamwambia amerudi nyumbani. Akasema, "Mungu asifiwe." Akakata.

Funzo nililopata: mwenzio akisema "hatukuambiwa", usimcheke.

Nataka kumwandikia mwenye jengo niseme yote, na kazi ikienda iende. Au najidanganya? Semeni wakuu, hata matusi nitasoma.