Daktari wa Nyanya Zangu

Jirani yangu wa bustanini, muuguzi mstaafu, hagusi mche kabla ya kunawa mikono. Hugeuza jani taratibu kama anayefunua kope, huchomeka kidole udongoni, hukinusa, kisha hunikazia macho mimi, mkulima wa juzijuzi.

“Nyanya hii unaimwagilia mara ngapi?”

“Asubuhi, mchana na jioni, mama.”

“Hiyo si dozi ya vidonge! Umeizamisha, ndiyo maana majani yamekuwa ya manjano. Siku tatu hakuna maji.” Akaondoka na ndoo yangu, asiniamini hata kidogo.

Kesho yake niliwahi kufika, nikamkuta amechuchumaa kwenye tuta langu, mikono bado mibichi kwa kunawa, akiinong’oneza ile nyanya: “Vumilia, mwanangu. Bado anajifunza.”