Kidole cha Mtaalamu

Serikali ilimpeleka mtaalamu wetu ng'ambo miezi sita akasomee kuzalisha samaki wa baharini, kisha kwa busara yake ikamleta huku Nyamongo, kwenye machimbo, atufundishe sisi watumishi wanne wa bwawa la samaki, ambao bahari tumeiona kwenye kalenda. Vijana wote walikuwa mashimoni wakitafuta dhahabu. Sisi tulikuwa tunamtazama mtaalamu akichovya kidole kwenye kibwawa cha vifaranga vya samaki, akikilamba na kufumba macho kama anayeonja mchuzi wa harusi. "Bado," alisema kila asubuhi kwa sauti yake ya upole, akachungulia daftari lake lenye jalada la nailoni, akamwaga kopo jingine la chumvi. Kucha zake zilikuwa safi daima. Matope yalikuwa kazi yetu. Mama Robi, mlisha samaki, alimwonya: "Mwalimu, huku kwetu chumvi ni ya ng'ombe." Akajibiwa kwamba daftari halisemi hivyo.

Jumamosi ng'ombe arobaini wa jirani yetu Mzee Wangwe walinusa chumvi, wakavunja uzio, wakanywa na kukanyaga mpaka kibwawa kikabaki tope. Vifaranga elfu mbili vya sato, samaki wa maji baridi, kazi yetu ya wiki tatu. Tulisubiri mtaalamu atulaumu. Badala yake alipiga magoti na suruali yake ya pasi, akawa anachota kwa kijiko cha chai vifaranga vilivyosalia kwenye nyayo za ng'ombe, kimoja kimoja. Mama Robi akamwekea ndoo ya maji ya kisima. Sote tukakitazama kile kidole. Hakukichovya.

"Mama," akasema, "yaonje wewe."