Shamba la Mama Lililokuwa Kwenye Simu

Kwetu, siku za matanga hakuna anayegusa jembe. Nimezaliwa Kituntu nikakuta hivyo, nikaolewa Kihanga nikakuta hivyo. Mtu akifa, majirani wanaacha mashamba yao, wanakuja kukaa na wafiwa kwenye nyasi zilizotandazwa ndani. Atakayeonekana analima siku hizo atasemwa mpaka azeeke. Niliowahi kusikia wakisemwa ni wawili tu, na majina yao ninayo, yao na ya baba zao. Siyaandiki, maana nao walishakufa, na siku walipokufa tuliweka majembe chini kwa ajili yao.

Binti yangu wa mwisho alifia Mwanza, alikokuwa mpishi katika nyumba ya watu. Aliumwa siku chache tu. Tulimleta tukamzika kwenye migomba, karibu na baba yake. Aliacha mtoto mmoja, msichana wa kidato cha nne, ambaye nimemlea mimi tangu alipoacha ziwa.

Siku ya pili ya matanga, mama mmoja wa chama chetu cha kuzikana alitoka nje, akarudi, akaketi karibu nami. Akasema kwa sauti ya kusikiwa na wenzake, "Mjukuu wako yuko nyuma ya jiko, analima. Na udongo wa mama yake haujakauka."

Mmoja akaguna.

Niliinuka na magoti yangu haya. Nilimkuta ameketi kwenye kigogo, ameinamia simu. Kwenye kioo kulikuwa na shamba, na shambani kijitu chenye kofia kinapiga jembe, juu na chini, juu na chini.

"Unafanya nini?"

"Napalilia kidogo tu, bibi. Naacha sasa hivi."

"Leo?"

"Ni shamba la mama."

"La mama yako ndilo kabisa halilimwi."

"Bibi, hujanielewa. Lisipoguswa siku saba, wata..."

"Lete hapa."

Akanipa. Sikumnyang'anya. Alinipa kwa mikono miwili, kama nilivyomfundisha tangu mdogo. Hilo ndilo linalonirudia sana.

Niliifungia simu kwenye sanduku, chini ya vitenge vyangu. Sikuona nimekosea. Michezo hii nilikuwa siipendi, nisifiche. Pale senta kuna kibanda ambamo vijana wanacheza mpira wa kwenye televisheni, wanabishana huku kahawa ya baba zao inanyeshewa juu ya turubai. Nilijua mchezo wa simu ni uvivu uliopata umeme.

Matanga yetu ni siku nne, lakini mwanangu wa kiume alichelewa kupewa ruhusa kazini, tukamngoja. Siku ya tisa, watu walipotawanyika, nikamrudishia mtoto simu yake. Alienda kuichaji kwa jirani mwenye sola. Aliporudi alikaa mlangoni.

"Limeondoka, bibi."

"Shamba linaondokaje?"

Ndipo akanieleza, polepole, kama mtu anayemsomea mwenzake barua. Mwenye ile nyumba ya Mwanza hakutaka kusikia mpishi akiongea na simu. Kwa hiyo mama na mtoto walikuwa wanakutana kwenye mchezo, bila sauti. Mashamba yao yalipakana. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha jiko la watu, binti yangu aliweka boga kwenye lango la mwanawe, maana yake nimeamka salama. Mtoto naye akirudi shule anaweka mayai kwenye lango la mama. Na kwenye kibanda cha mama kulikuwa na ubao wa kuandikia. Umefanya mtihani? Vaa sweta. Mwambie bibi asiache dawa ya presha. Maneno ya miaka mitatu yalikuwa pale. Mtoto alikuwa akiniambia, "Mama anakusalimu," nami naitikia, sikuwahi kuuliza salamu imepita wapi.

Mchezo ule una kijiji chenye watu wa nchi nyingi, na sheria yao ni hiyo: shamba likikaa siku saba bila kumwagiliwa, linafutwa na kupewa mwingine. Mama alipolazwa, mtoto alikuwa analima yote mawili. La kwake lilipona kwa kuwa alikuwa amelimwagilia siku ile ile niliyoifungia simu, na siku yake ya saba ilikuwa haijaisha; la mama nilimkuta bado analipalilia, hajalitia maji. La mama likaenda.

"Mbona hukuwaambia kuna msiba?"

"Simu ilikuwa kwenye sanduku, bibi."

Niliwachukia wale watu nisiowajua. Hapa kwetu usipoonekana siku mbili, mtu anakuja kugonga mlango. Lakini mtoto alipowaandikia, walimjibu wengi, akanisomea. Walisema wangejua wangelilima wao, kwa zamu, mwaka mzima kama ingebidi. Nikakaa na neno hilo. Kwetu pole ni kuacha jembe, kwao ingekuwa kulishika. Hawakuwa watu wabaya. Mlango uliofungwa ulikuwa wangu.

Nilimwomba anionyeshe mahali penyewe. Pana mahindi ya mgeni, na mbuzi. Upande wa pili ni shamba lake yeye, na langoni kuna boga.

"Hilo je?"

"La asubuhi ya mwisho, kabla hajaenda hospitali. Sijaliokota."

Siku hizi hachezi. Anafungua mara moja kwa wiki, anamwagilia tuta moja ili wasilifute, anafunga. Mimi ndiye ninayehesabu. "Leo ya sita," namwambia. "Najua, bibi," anasema, bila kunitazama.

Wiki ijayo anaingia bweni kwa ajili ya mtihani wa mwisho, na simu haziruhusiwi. Jana alikaa nami barazani kunifundisha. Alinionyesha ndoo iko wapi, tuta lipi, wapi nisiguse kabisa ili boga lisiokotwe. Nilielewa yote. Nikaweka kidole, na kijitu hakikusogea. Nikaweka tena. Ngozi yangu imekauka kwa jembe la miaka mingi, na kile kioo hakiisikii.

"Taratibu, bibi. Jaribu kidole kingine."

Nikajaribu kingine.