Ghala la Kahawa Lina Watu Sasa

Juzi, kwenye ofisi moja ya uhamiaji hapa Moshi, nilipanga foleni nyuma ya mzee wa Uru. Alikuwa akilikodolea macho jengo la uani, lenye nondo madirishani, wanamozuiliwa wageni walioomba hifadhi.

“Hili lilikuwa ghala la kahawa,” aliniambia. “Nilipima magunia humo.”

Kijana mmoja aliyezuiliwa humo akashika nondo za dirisha. “Shikamoo, babu.”

“Marahaba. Kiswahili umejifunzia wapi?”

“Humu humu. Nilikimbia vita kwetu. Huu mwaka wa tatu nasubiri jibu.”

Mzee akavua kofia. “Mwaka wa tatu! Kahawa ikikaa wiki mbili bila kwenda mnadani, tulifokewa!”

Askari aliyelinda jengo hilo akatazama pembeni. Foleni iliposogea nikafika kwenye dirisha la huduma, niliona haya kutaja kilichonileta: pasipoti yangu ilikuwa imechelewa siku nne.