Bega la kitimoto limewahi leo

Leo kwa mara ya kwanza nyama yangu imeiva kwa wakati, na wala sijafurahi.

Bega zima la kitimoto lililala kwenye pipa la moshi, wageni waje saa sita mchana.

Mnaonijua mnajua. Kila sikukuu nachelewa, na mayu, mama yangu, anakaa na sahani tupu: "Utaniua na njaa wewe."

Leo saa sita mfupa ukachomoka wenyewe.

Nikakata kile kipande laini kisichohitaji meno. Nikaita, "Mayu, chako hiki."

Watu wakageuka kunitazama.

Tulikuwa tunaanua matanga yake.

Shangazi akaipokea sahani, akaifunika. "Leo umewahi, mwanangu."

Nyama bado iko mezani. Ninyi mngeila?