Chupa ya Yavuyavu

Mzee Byabato, mtunza maabara wa shule yetu pale Hamugembe, hakuwahi kuiona bahari. Hata hivyo hakuna aliyewafundisha wanafunzi wangu viumbe wa baharini vizuri kama yeye. Mimi mwalimu wa baiolojia nikishachora ubaoni mpaka nimechoka, yeye huja na chupa mbili kutoka stoo. Moja ina sifongo, mnyama asiye na moyo wala ubongo, anayekula kwa kuchuja maji tu. Nyingine ilikuwa na yavuyavu, laini kama uji uliopoa, mwavuli wake mweupe na nyuzi zake za kuuma zikining'inia.

"Huyu aliokotwa na Joyness wangu," alikuwa akisema.

Joyness alikuwa bintiye wa pekee. Alisomea sayansi ya bahari huko pwani, akazileta chupa hizo likizo yake ya mwisho. Miezi mitatu baadaye boti yao ya utafiti ilipinduka, na mwili wake haukupatikana. Wazee wa ukoo walitaka lizikwe gogo la mgomba badala yake, kwenye kibanja chao cha Nyanga. Evodia, mama yake, alikubali. Byabato alikataa katakata. Eti yeye ni mzee wa kanisa, na Mlutheri haziki migomba. Uongo mtupu! Alikuwa na chupa yake, na maadamu yavuyavu alielea mle ndani, mtoto hakuwa ameondoka.

Mwaka jana kifuniko kililegea, fomalini, dawa iliyomhifadhi yavuyavu, ikavuja yote. Ijumaa akanipigia simu nikiwa nasahihisha mitihani.

"Mwalimu, yavuyavu amebaki mkavu. Nimwekee nini?"

"Weka spiriti, mzee, kama ya sifongo," nikajibu, nikakata simu.

Spiriti ya maabara ilikuwa imekwisha. Basi mzee wa watu, ambaye hata rubisi, pombe yetu ya ndizi, hanywi, akapanda bodaboda hadi Kanazi kutafuta gongo ya ndizi, akarudi nayo ameificha ndani ya koti lake la kanisani. Waliomwona walimcheka. Hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe.

Jumatatu nilimkuta ameketi kwenye sakafu ya stoo. Mwili wa yavuyavu karibu wote ni maji, na ile pombe ilikuwa imeyanyonya. Chini ya chupa kulikuwa na kitu kilichokunjamana, kidogo kama ganda la kahawa. Alikuwa amejaribu kukitia maji safi, kama tunavyolowesha dagaa. Hakikurudi.

"Kosa ni langu," nikamwambia. "Nilijua haifai. Nilijibu bila kufikiri."

"Hukumuua wewe, Mwalimu," akasema. "Alikufa siku nyingi."

Kwa miaka sita sikuwahi kumsikia akilitamka neno hilo. Nilitamani ardhi inimeze.

Jioni nilimsindikiza nyumbani kwake Nyanga. Evodia alikuwa akimenya ndizi mlangoni. Byabato aliiweka chupa karibu na miguu ya mkewe, akachukua panga, akaenda moja kwa moja kibanjani na kuangusha mgomba mmoja mnene. Kisha akasimama na panga mkononi, hajui akate wapi.

"Mama Joyness," akaita bila kugeuka, "hivi mwanetu alikuwa na urefu gani?"

Evodia akaacha kisu, akasimama, akaligusa sikio lake.

"Alinifika hapa," akasema.