Debe Lenye Tumbo

Nikipita leo barabara ya Korogwe kwenda Handeni nafunga kioo cha gari kwa ajili ya kiyoyozi, siyo kwa ajili ya vumbi. Vumbi hakuna tena, wameweka lami. Vijana wangu wa malori wanaondoka asubuhi na kurudi jua likiwa bado juu, halafu wanalalamika wamechoka. Nawaangalia tu. Sisi tulikuwa tunafika Handeni wekundu mpaka kope, na ukijipangusa pua unapata udongo wa kukandika ukuta. Hata hivyo, wangenirudishia siku zile na vumbi lake ningezichukua, kwa sababu wakati ule nilikuwa na mtu wa kuniambia nimekosea.

Niseme mapema kwamba mimi nimejitengeneza mwenyewe. Shule niliishia darasa la tano, huko milimani Usambara, nikashuka Korogwe na shati moja na ndala mbili zisizofanana rangi. Leo nina mashine tatu za kusaga, malori mawili, na ghala pale Kilole ambalo watu wanalitumia kuelekezana njia. Wenye digrii zao wananiamkia na kuniomba ushauri, na ninawapa. Sijisifu, naeleza hali ilivyo.

Nilikuwa na miaka ishirini na nane waliponichagua kuwa mzee wa kanisa. Mzee asiye na unywele mmoja mweupe! Wengine walinung'unika, lakini nani angepinga? Bati za upande wa kwaya nilizitoa mimi. Na Jumapili baada ya ibada, pale nje tunapofanya mnada wa mavuno waliyotoa waumini, mimi ndiye niliyekuwa siridhiki na kununua kitu kimoja. Nilinunua kuku, nikanunua muwa, nikanunua boga, halafu narudisha boga linadiwe tena ili nilinunue mara ya pili. Watu wanacheka, mchungaji anafurahi, akina mama wanapiga vigelegele. Mpaka leo nikisikia harufu ya mafenesi na kuku waliofungwa miguu narudi pale uwanjani, na suti yangu ya kaki, kijana, najiona nimefika.

Sasa, Jumatano moja mchana nilikuwa Korogwe ya zamani, upande wa mtoni, natafuta magunia matupu. Nikamwona mwalimu wetu wa kwaya anatoka kwenye banda la pombe ya miwa. Hakuwa anapita njia. Alitoka ndani, ameshika mwimo wa mlango kwa mikono miwili kama mtu anayeshuka kwenye mashua, akasimama juani akifikiria nyumbani kwake ni upande gani.

Nitawaambia nilichojisikia, maana hapa naandika ukweli. Sikusikitika. Nilifurahi.

Yule bwana alikuwa na sauti. Alikuwa fundi seremala, amenizidi miaka kama saba, na akisimama mbele ya kwaya hata watoto walikuwa wanaacha kulia. Mimi nilitoa bati, lakini walichokwenda nacho nyumbani watu ni nyimbo zake. Hilo lilikuwa linaniuma, basi nikaona Mungu amenionyesha.

Kwetu mtu akianguka dhambini wazi anatengwa. Hapokei chakula cha Bwana, anakaa benchi la nyuma karibu na mlango, mpaka siku atakaposimama mbele ya wote kutubu ndipo anarudishwa kundini. Ni utaratibu mzuri ukitumiwa vizuri. Mimi nilitaka kuanzia mwisho, kabla hata ya kumwendea mwenyewe. Nilipanga Jumapili, wakati wa matangazo, nisimame niseme mbele ya watu wote nilichokiona, naye akiwa pale mbele ameshika kijiti chake cha kuongozea. Siku mbili nzima nilifanya mazoezi ya maneno hayo ghalani, nikihutubia magunia. Kila nikirudia naongeza kidogo. Mpaka Ijumaa, ndani ya hotuba yangu mwalimu alikuwa ameshaanguka kwenye mtaro.

Ijumaa hiyo asubuhi akaja bibi.

Alikuwa mjane mkulima, Mzigua, wa kijiji kimoja huko ndani Handeni ambako nilikuwa nanunua mahindi kila msimu. Wakristo kule walikuwa wachache, nyumba za kuhesabu, na siku za mikutano mikubwa walikuja kusali nasi Korogwe, kwa hiyo nilimfahamu. Mwembamba, mweusi wa jua, kanga imefungwa kiunoni kama mtu anayekwenda kulima. Ameshuka kwenye basi la asubuhi na debe la mahindi kichwani, limejaa, limefunikwa kitambaa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nitue."

Nikamtua. Akajipangusa uso, akawatazama wale wapakizi wangu wawili waliokuwa wanashona magunia. "Baba, waambie hawa wakanywe chai."

"Wameshakunywa."

"Wakanywe tena."

Wakaenda wakicheka. Bibi akasubiri mpaka sauti zao zikapotea, akarudishia mlango ukabaki wazi kidogo tu kwa ajili ya mwanga. Akasema, "Haya, lete debe lako. Lile unalokuja nalo kwetu."

Debe lile nalieleza, kwa sababu siku hizi tunanunua kwa mizani na vijana hawajui. Debe ni bati la pembe nne, wote tulipimia hilo. Unajaza mpaka mahindi yanafanya kichuguu juu, unahesabu moja. Lakini ukimpa fundi bati aligonge kwa ndani taratibu, na nyundo iliyofungwa kitambaa, kuta zinatoka nje kidogo pande zote, na kitako kinashuka. Ukilitazama haraka ni debe tu. Ukilijaza ndiyo unajua. Langu lilikuwa limegongwa na fundi hodari kuliko wote, tena nilijivunia kazi yake. Kijijini nanunua kwa debe hilo, Korogwe nauza kwa mizani.

Nikalileta. Ningefanyaje? Bibi akafungua kitambaa, akainua debe lake mwenyewe, akamimina polepole, hakudondosha hata punje. Debe lake likaisha. Akaingiza mkono ndani ya langu, akausimamisha kupima nafasi iliyobaki. Ikaingia kiganja kizima.

"Debe lako bado lina njaa, mwanangu."

Nikacheka. "Bibi, hawa mafundi bati wa Korogwe ni matatizo. Nilimwambia anizibe tundu tu."

"Sikutoka Handeni kuja kumsema fundi."

Nikauliza swali ambalo mpaka leo nalionea haya, maana ndilo lililokuja la kwanza: "Nani mwingine anajua?"

"Nimekuja peke yangu."

"Na mchungaji?"

"Kwani wewe umenipimia mimi au umempimia mchungaji?" Akakaa juu ya gunia. "Sikiliza. Misimu mitatu nimeliona debe hili. Ukiondoka nakuita mwizi, mimi na jirani zangu, tunakucheka mpaka machozi. Tukija kanisani huku nakushika mkono, nakuita mzee wetu. Juzi napalilia nikajiuliza, kati yangu na huyu kijana, mwongo ni nani? Wewe unanipunja mahindi. Mimi nakuacha upotee na nakuchekea. Nikaona nije. Njia nzima nilikuwa nakuogopa."

Ananiogopa mimi! Mwanamke wa umri wa mama yangu.

Najua msomaji anangoja nitaje lile Neno la kipimo tunachopimia wenzetu. Bibi hakulitaja. Angelitaja ningempa majibu, maana maandiko nilikuwa nayajua kuliko mchungaji, au niliamini hivyo. Alisema tu, "Mimi sikuhukumu. Mwenye kuhukumu yupo. Nimekuja kwa sababu nataka uwe pale mbele, siyo nyuma." Akanishika mkono wangu wenye vumbi la pumba, akaomba maneno machache sana, ya kawaida, kama anavyoomba mtu kabla ya kula. Akachukua debe lake tupu.

"Na mahindi haya, bibi?"

"Nimekuletea. Mtu anakwenda kumtembelea mwanawe mikono mitupu?"

Akatoka kuwahi basi. Kuhusu mwalimu wa kwaya hakujua lolote, wala sikumwambia.

Nilikaa pale ghalani mpaka wale wapakizi waliporudi na chai yao ya pili tumboni. Jumapili ilikuwa keshokutwa. Hotuba ilikuwa tayari kichwani, neno kwa neno, na kila neno sasa lilikuwa linanigeukia. Ningesimama nimfukuze mtu mbele za watu wakati mimi nimefungiwa mlango ili hata wapakizi wasijue? Nikajaribu kujidanganya: pombe ni pombe, debe ni biashara. Haikunikaa.

Jumamosi baada ya saa sita nikaenda Korogwe ya zamani kwa miguu. Pikipiki nilikuwa nayo, lakini siku hiyo sikutaka watu wasikie nimefika.

Nilimkuta mwalimu kwenye karakana yake, anapiga randa ubao, macho mekundu. Nyumba nyuma yake kimya. Jiko baridi, majivu ya siku nyingi.

"Karibu, mzee wa kanisa," akasema bila kuacha randa. "Nasikia kesho una tangazo."

Kumbe nilishajisifu kwa mtu. Korogwe ni ndogo.

Nikamwambia, "Mwalimu, kabla ya hilo nina neno langu mwenyewe." Nikamweleza debe, kugongwa kwake, bibi, kiganja, kila kitu. Nilikuwa natokwa jasho. Nilitegemea atashangaa. Akaacha randa, akanitazama, halafu akaanza kucheka mpaka akashika benchi la kazi.

"Debe lako? Mzee, kule Handeni wanaliita mjamzito!"

"Wanaliita nini?"

"Mjamzito! Msimu ukifika wanaulizana, 'Mjamzito kafika?' 'Kafika, kapakwa rangi mpya!' 'Anajifungua lini?' 'Akifika Korogwe!' Mimi nilikwenda kule kutengeneza madirisha, nilicheka wiki nzima."

Hebu fikiria. Mimi mwenye bati, mimi wa mnada, kumbe kila mahali ninapopita nimetanguliwa na kicheko. Wilaya nzima ilikuwa inanijua, na katika wote aliyepanda basi kuja kuniambia ni mmoja.

Nikajikuta na mimi nacheka. Tulicheka wote wawili, halafu yeye kicheko chake kikabadilika, akageuka kutazama ukuta.

"Mke wangu karudi kwao milimani," akasema. "Mwezi wa nne huu. Kila Jumapili mnanipongeza kwa nyimbo. Hakuna aliyeuliza nani ananipikia."

Hotuba yangu haikuwa na sehemu ya hilo. Nikamwambia kwamba pombe inammaliza, kwamba nimemwona Jumatano na kilichonileta leo siyo kumtangaza, na kwamba nyumbani kwangu kuna unga mpya wa mahindi ya Handeni, aje ale. Akakataa. Nikakaa. Akakataa tena. Nikachukua msasa nikaanza kusugua ubao wake, vibaya, mpaka akaninyang'anya akasema, "Bosi, utaniharibia kazi, twende tukale."

Jumapili, wakati wa matangazo, mchungaji aliuliza kama mzee ana neno. Nikasimama. Mwalimu aliinamisha kichwa. Nikasema kwamba bati za upande wa kwaya zinavuja na nitazishughulikia, nikakaa. Akainua kijiti chake, wimbo ukatoka.

Msidhani aliacha siku ile. Alianguka mara tatu au nne ninazozijua. Kila mara nilikwenda, na mara moja tulikwenda watatu, na mara moja alinifukuza na nyundo. Mke alirudi baada ya mwaka. Na mimi nilikwenda kijijini na mahindi yangu ndani ya gari na debe jipya lililonyooka, nikapita nyumba kwa nyumba, Waislamu na Wakristo, nawapimia kile nilichowapunja. Wengine walinitukana, haki yao. Mzee mmoja alinichungulia mlangoni akauliza, "Mjamzito kajifungua?" Nikasema, "Kajifungua, mzee. Nimewaletea watoto wenu." Hilo lilizunguka wilaya kuliko lori langu.

Bibi alipofariki mwalimu wa kwaya ndiye aliyeongoza nyimbo kaburini. Mimi nilileta magunia ya unga, na nilihakikisha kila mtu ameona ni yangu. Ndivyo nilivyo.

Tangu siku hiyo nimezidi kuwa mkubwa, na hilo ndilo linalonitisha. Wanakuja kuniletea makosa ya wengine kila wiki, na ninawauliza kwanza, umemwendea mwenyewe? Wanainamisha macho. Lakini kosa langu hakuna anayeniletea. Vijana wananicheka mahali fulani, nina hakika, na majina wameshatunga. Nikifika wananipa kiti.

Kwa hiyo mwezi uliopita, mchana, ghala limejaa watu, alipoingia mwalimu wa kwaya, mzee sasa, na fimbo yake aliyoichonga mwenyewe, akanisalimia kisha akasema, "Bosi, waambie hawa wakanywe chai," nilihisi furaha ambayo sikuwa nimeihisi tangu enzi za vumbi.

Nikawatoa wote. Akarudishia mlango, ukabaki wazi kidogo kwa ajili ya mwanga.

Alichoniambia ni cha kwetu wawili. Kiliniuma, na alikuwa sahihi.